Kengele za Saa Tisa

Tulipofungua sanduku la mama, wiki chache baada ya kumzika, ndugu zangu walikuwa wanatafuta dhahabu na mimi nilikuwa natafuta harufu yake. Ni sanduku la njumu za shaba, lile ambalo bibi alikuja nalo kutoka Unguja, na ndani mlikuwa na kanga zisizowahi kuvaliwa, bahasha za picha, na kofia ya baba ya kushonwa kwa mkono. Chini kabisa, ndani ya kitambaa cheupe, palikuwa na kitu cheusi, chepesi, kikubwa kama ngumi ya mtoto. Dada yangu mkubwa alirudi nyuma akasema, "Kitupe hicho, panya amefia humo." Mimi nikakinusa. Lilikuwa chungwa, au tuseme lilikuwa chungwa zamani, limechomekwa karafuu kila mahali mpaka ganda halionekani. Chungwa lenyewe lilikwisha kufa siku nyingi, lakini karafuu zilikuwa bado zinanukia kama zimeanikwa jana. Nikakaa chini kwenye busati, machozi yakanitoka, na dada yangu akadhani namlilia mama.

Nilikuwa namlilia mama, hilo ni kweli. Lakini nusu ya yale machozi yalikuwa ya jambo jingine, jambo nililolificha tangu nina miaka kumi, na mtu mmoja tu duniani ndiye aliyestahili kuambiwa. Mtu huyo ni Raya.

Nyumba yetu na nyumba ya kina Raya, kule Ibra, mwendo wa saa mbili kutoka Muscat, ziligawana ukuta. Mama aliugua sana aliponizaa, na mama yake Raya akaninyonyesha pamoja na binti yake kwa miezi mitatu. Kwa sheria yetu hiyo ilitosha kutufanya ndugu, na baba yake, ami Seif, akawa kama baba yangu mwenyewe. Tulikuwa tunakula sahani moja na kupigwa kwa kosa moja. Ami Seif alikuwa karani wa serikali, mtu mpole, mwenye mazoea ya kukohoa kidogo kabla ya kusema jambo zito, kwa hivyo sisi tukisikia kile kikohozi tulikuwa tunakaa vizuri.

Raya alikuwa na kitu kimoja. Mchana alikuwa anaona kuliko mimi. Alikuwa anaweza kukuonyesha mjusi kwenye ukuta wa jirani na wewe ukapepesa macho mpaka yakachoka usimwone. Lakini jua likizama, basi. Sisi giza tunaliona lina vivuli na njia. Yeye alikuwa haoni kitu. Tangu tunajua kutembea, ikifika magharibi alikuwa anaweka mkono wake kwenye bega langu la kushoto na mimi natangulia. "Ngazi," nasema. "Jiwe." "Mbuzi amelala." Na mimi, kusema kweli, nilikuwa nalipenda lile bega langu. Nilikuwa mtoto mjuaji, mwenye amri nyingi, na mtoto wa namna hiyo anapenda sana kuhitajiwa.

Nyinyi wa rika langu mliokulia Ibra mnaukumbuka usiku wa Qaranqasho, katikati ya Ramadhani, watoto tunapita nyumba kwa nyumba baada ya futari, tunaimba na kugonganisha mawe mpaka tupewe lozi na peremende. Mwaka ule tulikuwa na miaka tisa. Kwenye mlango mmoja nikasikia watoto wanasema wanagawiwa chokoleti, nikakimbia. Nilimwacha Raya hatua kumi tu nyuma yangu. Akanifuata kwa sauti, akaingia moja kwa moja kwenye falaji, ule mfereji unaopeleka maji mashambani. Maji yenyewe yalimfika magotini, lakini kichwa kilipiga jiwe. Nilirudi na chokoleti mbili mkononi nikakuta watu wamemtoa, damu inamtiririka mpaka kwenye nguo yake ya sikukuu. Hakuna aliyenigombeza. Ningegombezwa, pengine yaliyofuata yasingefuata.

Daktari wa Muscat alimmulika macho Raya akasema maneno marefu. Karibu mwaka mzima ami Seif aliandika barua na kupiga simu. Mwishowe akaja kwetu jioni moja, akakohoa, akamwambia baba kwamba kuna madaktari Ulaya, anampeleka Raya, lakini Raya amekataa kata kata kwenda bila mimi. Mama yake Raya alikuwa na mimba kubwa, hawezi safari. "Naye Zuwena ni mwanangu kwa kunyonya," akasema. "Nitamlinda kama roho yangu." Mama alilia kidogo, akaanza kutafuta makoti ya kuazima. Ilikuwa Ramadhani tena.

Usiku kabla ya kuondoka nilikaa kwenye msala wa bibi nikaweka nadhiri. Nilimwambia Mwenyezi Mungu kwamba nitafunga mwezi wote, siku kwa siku, sivunji hata moja, na Yeye ampe Raya macho ya usiku. Tayari nilikuwa nimekwisha kufunga siku zote zilizopita, ingawa nilikuwa mdogo na hakuna aliyenilazimisha, kwa hivyo niliona nusu ya kazi nimekwisha kuifanya. Sikumwambia mtu. Kila jioni, nikitia tende mdomoni, nilikuwa nayarudia maneno yale kimoyomoyo.

Mji wa kwanza ulikuwa Munich. Nilipotoka nje ya uwanja wa ndege nilidhani mtu amenipiga usoni. Sikuwahi kujua kwamba baridi inaweza kuingia mpaka kwenye meno. Pumzi zetu zilikuwa zinatoka kama moshi wa ubani, na mimi na Raya tukatembea tukipulizana mpaka ami Seif akatukataza. Alisema, "Msafiri ana ruhusa, banati, wanangu. Kuleni, mtalipa siku nyingine." Nikamwambia mimi sili. Raya akanitazama, akasema na yeye hali. Ami akatikisa kichwa, akawa kila asubuhi anatufungia tende za shambani kwake kwenye leso, tatu zangu na tatu za Raya, akasema tusizipoteze, kwa sababu nchi hii tende hawaijui.

Na mji wote ulikuwa umevikwa taa. Sijui nieleze vipi. Sisi taa tulikuwa nazo, za arusi na za siku ya taifa, lakini hizi zilikuwa zimening'inia kutoka nyumba hii mpaka nyumba ile, barabara nzima, na miti ilikuwa imesimama ndani ya nyumba na nje ya nyumba imevaa mapambo kama bibi arusi. Nikamuuliza ami kuna nini. "Sikukuu yao inakuja," akasema. "Bado siku kidogo."

Basi mimi nikaelewa, kwa akili yangu ya miaka kumi. Sikukuu haiji hivi hivi. Sikukuu inakuja baada ya kufunga. Kama Idi yao bado siku kidogo, basi hawa watu wamefunga. Nikaanza kuchunguza na kila nilichokiona kikanithibitishia. Mchana watu walikuwa wanapita haraka, hawazungumzi, wamekunja nyuso kama watu wa kwetu saa ya alasiri. Likiingia giza tu, wanajaa kwenye vibanda vya sokoni, wanakula na kunywa vitu vya moto wakicheka. Kwenye treni niliona bwana mmoja anakula mkate mchana kweupe, nikamwambia Raya, "Huyu ni msafiri, ana ruhusa." Raya akakubali. Mimi ndiye niliyekuwa macho yake, na alikuwa ameshazoea kuniamini.

Jioni ya pili ami alitupeleka kwenye lile soko la vibanda. Ilikuwa saa kumi na moja na giza limekwisha kutanda. Raya aliweka mkono begani pangu kama kawaida, tukapita kichochoro, "jiwe," "ngazi," halafu tukatokea uwanjani. Taa zilikuwa juu yetu, pembeni, kwenye mapaa ya vibanda, kwenye mti mrefu kuliko mnara wa msikiti wetu. Theluji ilikuwa chini na ule mwanga ulikuwa unaigonga na kurudi juu, hata nyuso za watu ulikuwa unaziona kwa chini. Nikahisi bega langu limekuwa jepesi.

Raya alikuwa ameuondoa mkono.

Akapiga hatua moja mbele, halafu ya pili. Akasimama mbele ya kibanda cha vitu vya kioo akanyoosha kidole. "Zuwe," akasema polepole, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. "Ndege. Mwekundu. Yule mdogo nyuma ya wengine." Nikatazama, nikamwona kwa shida, ndege wa kioo si mkubwa kuliko kidole. Raya akaenda kibanda kinachofuata, na kinachofuata, peke yake, baina ya watu wasiomjua, jioni, na koti lake la kuazima linaburura kwenye theluji. Ami Seif alikuwa amesimama ameziba mdomo kwa mkono. Nilijua kabisa ninachokitazama. Mwenyezi Mungu alikuwa amekwisha kuanza kunijibu.

Nitasema na hili, kwa sababu nimeamua kusema yote. Nilifurahi mpaka nikataka kulia, na papo hapo bega langu likapata baridi, na hiyo baridi sikuipenda.

Daktari wa Munich hakuwa na jibu. Alimwambia ami kuna bingwa Vienna mwenye mashine ambayo yeye hana. Tukapanda treni. Tulishuka Salzburg nusu siku kubadilisha, na hapo, kwenye uwanja mdogo chini ya ngome, harufu ilinikamata kabla sijaona kitu. Karafuu na mdalasini. Nilisimama katikati ya theluji nikageuka huku na huku namtafuta bibi yangu. Ilikuwa harufu ya jikoni kwake, ya pilau ya sikukuu, na hapa ilikuwa inatoka kwenye masufuria makubwa ya vinywaji vyao. Raya akasema, "Wamejuaje?" Ami akatushika mabega, "Hivyo si vyetu, njooni huku," akatupeleka kwa mama mmoja mzee aliyekuwa anauza machungwa yaliyochomekwa karafuu, mfano wa wauzaji wa soko letu la wanawake la Jumatano, amekaa na bidhaa zake mapajani. Akatununulia moja moja. Raya alilipokea lake kwa mikono miwili akalinusa mpaka pua ikawa nyekundu. Kila jioni, kila mji, aliutoa mkono wake begani mara tukifika kwenye taa, na kila jioni mimi nikala tende yangu na kuyarudia maneno yangu na kumtazama.

Vienna ilikuwa kubwa kuliko yote. Yule bingwa alimfunga Raya waya usoni, akamkalisha gizani muda mrefu, akasema majibu ni baada ya sikukuu. Tukabaki tunangoja. Siku zilikuwa zimebaki mbili au tatu mwezi uandame.

Siku ya jambo lenyewe, ami asubuhi alisoma karatasi yake ya nyakati za sala akatuambia magharibi ni saa ngapi. Mimi sikusikiliza, nilikuwa nafunga viatu. Mchana tulitoka kidogo. Nikaona mji umebadilika. Watu walikuwa wanakimbia, kila mmoja na mifuko, na mikate imechungulia nje, na maduka yanafungwa moja baada ya jingine kwa kishindo cha vyuma. Baba mmoja alipita anamburura mtoto. Hata tramu zilikuwa tupu. Nani asiyezijua dakika hizo? Ni Ibra ile ile, nusu saa kabla ya magharibi, mtu anakimbilia nyumbani na sambusa zake na barabara inabaki ya paka. Mawingu ya theluji yalikuwa yameshuka mpaka kwenye mapaa na kumekuwa kiza. Ami alikuwa na mafua mabaya. Akatusimamisha chini ya upinde wa duka lililofungwa, akatuambia, "Msiondoke hapa," akaenda duka la dawa pembeni, lililokuwa linauza kupitia kidirisha.

Raya alikuwa ameshika bega langu. Nilikuwa nina kiu, na baridi imenifanya nitetemeke, na tumbo linanguruma mpaka aibu. Halafu kengele zikaanza. Ilianza moja, zikafuata zote, za mji mzima, nzito na nyepesi, mpaka ukuta tuliouegemea ukawa unatetemeka. Bibi alikuwa ametuhadithia siku zote kwamba Unguja futari ilikuwa ya mzinga. Ukilia, mji mzima unatia tende mdomoni. Nikatazama barabara. Hakukuwa na mtu hata mmoja. Wote wamekwisha kufika nyumbani kwao, wote wanakula sasa hivi. Sikuwahi kusikia kitu kikubwa kama kile, na kilinijaa kifuani.

Raya akauliza, "Imeadhiniwa?"

"Ndiyo," nikasema. "Imeadhiniwa. Kula."

Nikafungua leso. Nikampa yake, nikachukua yangu, bismillahi, nikayasema maneno yangu, nikamtazama machoni. Tukala zote tatu tatu.

Ami Seif aliporudi kengele zilikuwa zimekwisha. Akatazama saa yake akapuliza mikono. "Subirini, banati," akasema. "Imebaki kama saa moja tu."

Nilizificha kokwa ndani ya glavu. Zilikuwa zinanichoma kiganjani. Nilimgeukia Raya, na Raya alikuwa anatazama mbele tu. Magharibi ya kweli ilipofika tukala tena, tende nyingine, na sikuweza kuyarudia yale maneno. Niliona haya hata kumtaja Mungu.

Baada ya sala ami alisema twende sokoni mara ya mwisho. Tukapita kichochoro, "ngazi," "barafu," tukatokea kwenye uwanja ule tuliokuwa tunakwenda kila jioni. Palikuwa giza. Vibanda vilikuwa vimefungwa kwa mbao na zile taa zote zimezimwa, moja haikubaki. Watu wanakaa nyumbani jioni ile, ndiyo sikukuu yao, lakini mimi nilijulia wapi? Mkono wa Raya ukabaki begani pangu. Ulikuwa umenikamata kwa nguvu kuliko siku zote. Mimi nilielewa mara moja, na nilielewa hivyo kwa zaidi ya miaka ishirini. Nilikuwa nimevunja nadhiri, na Mwenyezi Mungu alikuwa amezima taa.

Idi tuliisali Vienna, kwenye chumba kilichojaa Waturuki waliotupa peremende. Siku iliyofuata daktari alizungumza na ami Seif muda mrefu kwa upole. Sisi tulikuwa tunamtazama kupitia mlango wa kioo. Ami alikohoa, halafu akakohoa tena. Alipotoka alimbeba Raya, ingawa Raya alikuwa mkubwa wa kubebwa, akambeba mpaka barabarani. Dawa hakuna. Macho yatapungua kidogo kidogo, na mchana nao utafuata usiku. Sisi hatukuambiwa hivyo wakati ule. Tuliambiwa, "Inshallah." Lakini mimi sikuhitaji kuambiwa.

Tuliporudi bibi alilinusa chungwa langu akacheka mpaka akakaa. "Karafuu yetu hii imekwenda kuchomwa kwenye machungwa? Wazungu wana israfu." Mimi nikampa mama, nikamwambia sitaki kuliona. Mama hakuuliza. Sasa najua aliliweka wapi.

Nilimaliza shule, nikaolewa, nikahamia Muscat. Raya alibaki Ibra akawa mwalimu wa Kiarabu, akafundisha mpaka maandishi yalipoanza kumtoroka, na sasa anafundisha watoto kwa kichwa chake tu. Ana watoto watatu. Mchana anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Tulikuwa tunatembeleana, tunacheka, na kila mara aliponishika bega kulikuwa na kokwa tatu zinanichoma kiganjani. Baada ya sanduku lile nikasema basi. Ilikuwa Ramadhani, nikaendesha gari mpaka Ibra, chungwa liko kwenye mkoba.

Nilimkuta anapanga sahani barazani. "Masalkheri, Zuwe," akasema kabla sijafungua mdomo, anajua hatua zangu. Ami Seif alikuwa ndani, mzee sasa, nikampa shikamoo yake, akaitikia marahaba, akakohoa, akarudi kwenye msahafu wake. Nikakaa karibu na Raya nikamwekea lile chungwa mkononi.

Alilinusa mara moja. "Taa," akasema. Akalizungusha vidoleni. "Langu mimi nilizila karafuu zake, moja moja, kila jino likiniuma."

Nikamwambia yote. Nadhiri, chokoleti za Qaranqasho, kengele, kokwa kwenye glavu. Sikumpamba Zuwena wala sikumtetea. Nilipofika mahali pa "imeadhiniwa, kula," niliyasema polepole, neno kwa neno.

Raya alingoja nimalize. "Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Kwamba magharibi bado. Kabla ya zile kengele saa ya mnara ilipiga tatu. Saa tisa ile. Na baba asubuhi alishatwambia magharibi saa kumi na dakika tano. Wewe ulikuwa na macho, habibti. Mimi nilikuwa na masikio." Akacheka kidogo. "Na imeadhiniwa, unaniambia. Vienna, nani aadhini?"

Sikuweza kucheka. "Basi kwa nini ulikula?"

Aliliweka chungwa kwenye paja.

"Wewe unadhani ulikuwa unaomba kimoyomoyo," akasema. "Wallahi ulikuwa unaomba kwa sauti, mpaka watu wa treni wanageuka. Kila ukitia tende mdomoni unanitazama machoni kama mtu anayefunua unga kuona umeumuka. Leo bado. Kesho bado. Nilikuwa mtoto, Zuwe. Nilitaka kutazama taa tu. Kengele zilipolia nikasema alhamdulillahi. Akila, ile nadhiri imekwisha, na mimi nimepumzika."

"Ukaniacha nile."

"Nikakuacha. Nilikuwa nakusikia tumbo linavyonguruma, maskini." Akanyoosha mkono akalitafuta bega langu, la kushoto, akaliona kwa vidole. "Na jioni ile pale uwanjani, taa zimezimwa. Unakumbuka? Nilikushika kwa nguvu. Ile ndiyo jioni pekee ya safari nzima uliyotembea na mimi bila kunikagua."

Miaka yote hiyo nilidhani nilimnyang'anya kitu. Na nilikuwa nimemnyang'anya kweli, kabla ya Vienna, kila jioni, kwa mapenzi yangu yote. Nikalia, safari hii kwa ajili yake na kwa ajili yangu na kwa ajili ya ami Seif aliyeziba mdomo kwa mkono. Raya aliniacha nilie. Hakuuondoa mkono.

Jua lilikuwa limekwenda nyuma ya majabali. Barabarani watu walikuwa wanaharakisha na mifuko yao, mlango mmoja baada ya mwingine unafungwa, mpaka pakabaki paka na kimya. Tende zilikuwa mbele yetu kwenye kisahani. Raya aligeuza uso upande wa barabara asioiona.

"Imeadhiniwa?" akauliza.

Nilitazama mbingu. Nilitazama saa. Nikasikiliza.

"Bado," nikamwambia, na tukangoja.